Kadi Iliyowatapika Wazee: Kumuaga Mzee Hatibu Abdillah

Tarehe thelathini mwezi huu wa sita, Mzee Hatibu Abdillah anastaafu kazi katika Studio Nuru, hapa Nkwenda, baada ya miaka ishirini na sita ya kuwapiga picha watu wa Kyerwa na Karagwe. Amewapiga waliooa, waliobatizwa, waliohitimu, na wale wanaokuja kupiga picha ya paspoti wakiwa wamenuna kana kwamba tumewaita sisi.

Mimi ni Costansia Nyirabageni. Nafua na kupiga pasi makoti ya studio, na nawafunga tai wanaume wazima wasiojua kufunga tai. Nimepewa kazi ya kuandika habari hizi kwenye ratiba ya sherehe kwa sababu vijana walisema hawana muda. Muda wa kutazama simu wanao. Basi nimeandika mimi, na nilivyoandika ndivyo zisomwe. Asije mtu akaninyooshea maneno.

Mzee Hatibu alizaliwa hapahapa Nkwenda. Baba yake alitoka Pangani na mzigo wa khanga, akaonja ndizi za huku, hakurudi tena. Hatibu hakutaka duka la baba. Alitaka kamera. Alianza enzi za filamu, wakati picha zilipelekwa kusafishwa Bukoba na mteja alisubiri mpaka anenepe, halafu picha ikija anasema si yake. Kisha bosi wa kwanza, marehemu mzee Rwezaura, akanunua kamera ya kisasa inayotumia memori kadi. Hatibu alikigeuzageuza kile kidude, kidogo kuliko kipande cha sabuni ya kuogea, akauliza, "Harusi nzima inaingia humu? Na wapishi?"

Sifa zake nitazisema, lakini na mengine nitayasema, maana huyu si malaika. Hatibu ni mpole kwa wateja na msumbufu kwangu. Huimba puani anapofanya kazi, wimbo mmoja tu, na hata huo haujui mwisho. Kadi za kamera alikuwa anaziacha kwenye mfuko wa shati, na shati analileta kwenye beseni langu. Nimezitoa humo nyingi kabla hazijagusa maji, na kila mara namuuliza kama harusi za watu anataka nizianike kwenye kamba. Hujibu, "Samahani, Bibi," na kesho analeta nyingine.

Sasa nieleze jambo la Igurwa. Wengine mnalijua nusunusu, na nusu hiyo mmeisikia kwa watu waongo.

Huku kwetu, tangu zamani, picha ya wazee kwenye harusi hupigwa mwisho kabisa. Mzee hainuki kwenye kiti kabla kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, hakijamzunguka na kumrudia, na kumwinua kabla ya hapo ni kukosa adabu. Kwa hiyo mpiga picha huanza na kanisa, ikaja keki, zawadi, mashangazi wanaocheza, na wazee wanakuja wakati kadi imeshashiba. Kadi nzuri haina neno. Kadi mbovu, wanaoumia ni wazee.

Mwaka wa jambo hilo, baada ya Pasaka, harusi zilifululiza kama kawaida, maana Kwaresima nzima watu walikuwa wamejizuia. Kadi zetu zote zilikuwa kazini. Siku ya soko Hatibu akamkuta mchuuzi mpita njia na kadi zimetandazwa kwenye turubai, zimeandikwa GB mia na zaidi, bei rahisi ajabu. Akanunua moja. Akaijaribu kwa kupiga picha mbili, mlango na mimi, zikaonekana vizuri. Akaridhika. Mtu anayekagua ndizi mkungu mzima kabla ya kununua!

Akaenda nayo Igurwa, kwenye harusi ya Uwizeye, binti wa mzee Niyonsenga. Nilikuwepo, nilikuwa nashika makoti. Mama yake Niyonsenga, Bibi Kantengwa, alikuwa amevaa mshanana, lile vazi la bega moja la kina mama wa kwetu. Alikuwa amelitunza sandukuni tangu ujana wake. Mama huyo hakuwa na picha nyingine yoyote zaidi ya ile ya kitambulisho, na kwenye ile anaonekana kama mtu anayetafutwa na polisi. Mwanawe alitaka picha moja nzuri ya kutundika sebuleni, mama angali anaweza kukaa wima. Aliniambia mwenyewe, "Bibi, mengine yote ni mapambo. Picha ninayoitaka mimi ni ya mama."

Siku ya Jumanne Hatibu akachomeka kadi kwenye rida, kile kidude kinachosoma kadi na kupeleka picha kwenye kompyuta. Kanisa likatokea. Keki ikatokea. Mashangazi wakatokea, hata yule niliyemkataza kuinama. Kufika kwa wazee, kijivu kitupu. Rida yetu ilikuwa imelegea mdomo, kadi inacheza humo kama jino bovu, tukasema labda ndiyo kosa. Akaazima rida nyingine, nzima. Kijivu. Akapanda gari mpaka Rubwera kwa fundi wa kompyuta, na fundi akamweleza kwamba kadi ile ni feki: ndani ni ndogo, imefanywa tu iseme uongo kwamba ni kubwa. Ikijaa, kamera inaendelea kubofya na kuonyesha namba, lakini kinachopigwa hakiwekwi popote. Kwa hiyo hakuna cha kufufua. Wazee wa Igurwa hawakuwahi kuingia kwenye kadi.

Bosi wetu wa sasa, Methodius, mtoto wa marehemu Rwezaura, aliogopa jina la studio litaharibika, akaja na akili yake. Akasema tutoe sura ya Bibi Kantengwa kwenye kitambulisho, tuibandike kwa kompyuta juu ya mwili wa mama mwingine.

"Na mwili wa nani?" Hatibu akauliza.

"Wowote. Wazee wanafanana."

Nilitaka kumrushia pasi. Hatibu akavua mkanda wa kamera shingoni, akaiweka kamera mezani taratibu. "Methodius, mwanangu, ukimbandika yule mama, harusi ya Jumamosi utakwenda wewe."

Methodius akaitazama kamera. Ni bosi mzuri, mishahara haichelewi, lakini akipiga picha yeye, watu wote hutoka bila vichwa. Akatoa nauli.

Alhamisi tukaenda Igurwa kwa bodaboda, Hatibu, mimi na dumu la rubisi. Dumu nililibeba mimi, maana Hatibu ni Mwislamu safi na hagusi. Lakini njia nzima watu walikuwa wanamwona Mzee Hatibu wa kofia na kanzu akipita na bibi kizee na dumu la pombe, wanatupungia mkono. Alikuwa amejiinamia kama anayepelekwa mahakamani.

Tukafika. Hatibu hakuzungukazunguka. Alimwamkia Bibi Kantengwa shikamoo, akamwambia ukweli wote: kadi aliinunua yeye, hakuikagua, picha hazipo.

Bibi akamtazama. "Kamera yako ilimmeza bwana harusi, ikammeza na bibi harusi, ikafika kwangu ikatapika."

"Ndivyo, mama."

"Basi nenda. Sivai mshanana katikati ya wiki. Majirani watasema Kantengwa anaolewa."

Hatibu akaanza kufunga mkoba wa kamera. Niyonsenga akatazama chini, na nikaona kwamba tukiondoka hivyo, hiyo picha haitakuwepo tena duniani. Nikaweka dumu chini. "Na waseme! Nani atakuoa wewe na ulimi huo?"

Akanigeukia. "Na wewe aliyekuoa alikuwa kiziwi?"

"Alikuwa kiziwi na alikuwa na ng'ombe. Inuka nikufunge hilo vazi, mwenzako nimepanda pikipiki mpaka kiuno kimekatika."

Alicheka mpaka akashika ukuta. Akainuka.

Habari ya dumu ilikuwa imeshatangulia, wazee wenzake wakaanza kuingia uani mmojammoja, wote wana shida ya kumsalimia Niyonsenga siku hiyohiyo. Wakakaa, wakaulizia kibuyu. Hatibu akasema kwanza picha, kibuyu baadaye.

"Mwislamu anatupangia pombe yetu!" mmoja akalalamika.

"Mimi sinywi, mzee. Ndiyo maana nakumbuka la kwanza ni lipi."

Wakanung'unika, wakajipanga. Hatibu akapiga, akabadilisha kadi, akapiga tena palepale. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Akafungua kompyuta juu ya kigoda, akachomeka rida mpya, akaigeuza kwa Bibi Kantengwa.

Yule mama alisogeza uso. Akagusa kioo kwa kidole. "Huyu ni mimi?"

"Ni wewe, mama."

"Kumbe nimekuwa kama mama yangu." Akatazama tena kidogo. "Haya. Mimineni."

Tangu siku ile Studio Nuru ilibadilisha utaratibu. Wazee hupigwa picha kwanza, kabla ya kibuyu. Wametutukana sana, na mkitazama picha za harusi za miaka ya karibuni mtaona wazee wote wamekunja uso, lakini wapo. Na hatuondoki kwenye sherehe kabla wazee hawajajiona kwenye kompyuta.

Kadi mpya Hatibu haiamini tena mpaka aijaze mpaka mwisho. Alikuwa anazunguka nyuma ya studio anapiga migomba, kuku, mimi na beseni langu, kuku tena, mpaka kamera ikatae. Kisha anafungua kwenye kompyuta moja baada ya nyingine, hasa za mwisho. Wateja walidhani tunatengeneza kalenda.

Nasreen, anayechukua nafasi yake, amefundishwa hivyohivyo, na nayaandika hapa ili asije akajifanya kasahau. Kadi inunuliwe dukani kwa mtu mwenye mlango na risiti, ambaye kesho utamkuta. Maandishi yakiwa yamepinda au wino unatoka ukisugua na kidole, rudisha. Usidanganywe na namba kubwa na bei ndogo. Beba kadi mbili za kiasi, si moja kubwa, ili ikifa moja isife na harusi yote. Rida iliyolegea itupe, na kadi ikigoma kuingia usiisukume kwa nguvu kama unayepigilia msumari, utavunja vimeno vya ndani ya rida. Taa ya rida ikiwa inawaka usichomoe kadi. Na mifuko ya mashati itazamwe, Nasreen, maana wewe nawe nimeanza kukuona.

Kwa niaba ya Methodius na wafanyakazi wote, asante, Mzee Hatibu. Ulikosea mara moja, ukarudi mwenyewe kwa mwenye haki, ukasimama mbele yake. Wengi huzima simu.

Mwezi wa nane Niyonsenga anamwoza binti yake wa pili. Bibi Kantengwa, ambaye bado yupo na ulimi wake upo, ameleta ujumbe: kamera ashike Nasreen, Hatibu aje mikono mitupu, kiti chake kiwekwe karibu na cha Bibi kwenye picha ya wazee. Methodius alisema labda Mzee ataona aibu. Aibu ya nini? Ameitwa na mwenyewe.

Nenda, Hatibu. Miaka yote hiyo umekula chakula cha harusi kikiwa kimepoa, umesimama, sahani juu ya boksi la taa. Mungu akupe afya, macho mazuri na harusi nyingi za kualikwa. Ukae kitini na wazee wenzako, ukunje uso upigwe picha, halafu waambie wakuletee ndizi na nyama zikiwa bado zinafuka moshi.