Omer Mathe Hakutaka Kuitwa Martyr

Imesomwa na mdogo wake, Jeannine, kwenye maziko, Vuhovi, tarehe 16 Februari 1966

Ndugu zangu, kwenye karatasi mlizopewa kuna neno limefutwa kwa kalamu. Mimi ndiye niliyelifuta, karatasi zote, kwa agizo la marehemu. Tangu Jumatatu sijakaa chini, basi mnivumilie.

Kaka yetu Omer Mathe alizaliwa Kipese tarehe 12 Machi 1931. Alisoma hukohuko, shule ya misheni, na mwaka 1952 akatumwa hapa Vuhovi kuwa katekista. Mwaka 1956 alifunga ndoa na Berthe Vagheni.

Alipenda kufundisha kwa vicheko. Siku moja alieleza kwamba martyr ni shahidi, mtu anayekubali kufa kuliko kumkana Mungu. Mama mmoja mzee akamuuliza, "Na weye mwalimu, bakikuja na mikuki?"

"Miye? Nitakimbia mpaka Uganda, mama!"

Darasa zima lilicheka, naye alicheka kuliko wote.

Septemba 1964 waasi waliwakamata njiani kwenda Butembo, yeye na katekista mwenzake, Élisée Nzanzu. Waliulizwa mmoja mmoja: "Uko mukristo?" Élisée alisema ndiyo, akauawa palepale. Omer akajibu, "Hapana, miye hapana mukristo," akaitupa rozari yake matopeni. Wakamwacha aende. Sisi alituambia tu kwamba Élisée hakupata nafasi ya kukimbia, na tukaamini.

Alijificha porini miezi miwili, na baridi ya huko ikamharibu kifua. Alikohoa zaidi ya mwaka, akafariki Beni Jumatatu, tarehe 14 Februari, baada ya kuungama kwa padri. Asubuhi ile alinieleza yote, kisha akaniambia, "Jeannine, batasema niko martyr. Usibaache. Ile jina ni ya Élisée." Nilimkasirikia. Hata sasa nina hasira, kwa kuniachia mzigo huu niutue mbele yenu, na bado nampenda kaka yangu.

Ameacha mjane, Berthe, na watoto wawili, Gustave na Monique, na mimi. Ameacha pia Mama Kyakimwa, mzazi wa Élisée, ambaye Omer alimlimia shamba kila msimu hadi nguvu zilipomwisha, bila kumwambia kwa nini.

Mama, nakuona umesimama kule nyuma. Sasa umejua mwanao alivyokufa. Sanduku halijashuka bado. Kama una neno na Omer, njoo umwambie. Amani yake tunaiomba kwako kwanza, halafu kwa Mungu.