Madonge ya Burul

Basi dogo la kutoka Naryn lilikuwa likipanda mlima, na Burul, aliyekosa kiti karibu na mumewe Toktosun, alisikia kila neno akiwa kiti cha nyuma yao. Tangu vuli Toktosun alikuwa hajagusa kuruti, yale madonge ya maziwa makavu anayoyakausha Burul kwa mikono yake.

"Daktari kasema kalsiamu ndiyo inayokaza misuli ya tezi dume, mkojo unabanwa," Toktosun alimweleza abiria wa pembeni. "Basi nimeacha maziwa, na kuruti ya mke wangu pia. Hata chai nakunywa kavu." "Na umepona?" "Wapi. Bado natoa matone kama bomba lenye kutu."

"Mzee mwenzangu, unamwonea mkeo bure. Kalsiamu imo mwilini siku zote. Mishipa ya fahamu ikipiga hodi, ndipo inapoingia kwenye misuli ikaikaza. Dawa inaizuia ile hodi. Hukupewa?" "Niliandikiwa. Nikaona kuacha kuruti ni rahisi zaidi."

Rahisi kwa nani, Burul alijiuliza, akiukumbatia mfuko wake wa kuruti.

"Kula kuruti, meza dawa. Hata mimi niliandikiwa hiyohiyo." "Nawe unaimeza?"

Yule bwana akatazama dirishani. Kisha akamwomba dereva asimame, na gari lilipotulia kando ya jabali alishuka mbio, Toktosun nyuma yake, wote wawili wakifungua mikanda.