Turubai Juu ya Gari la Bluu

Sogezeni viti, wanangu, mkae upande huu ili nisihangaike kugeuza shingo, na mama yenu mpisheni akae karibu na dirisha, maana ninayotaka kusema yanamhusu yeye kuliko ninyi. Msinikatize. Pumzi niliyobaki nayo ni ya kubana matumizi.

Nyumba ni ya mama yenu. Karakana na vifaa vyake ni vyenu nyote wawili, na hayo tulishayamaliza. Limebaki gari, lile la bluu lililo uani, ambalo mmenuniana kwa ajili yake tangu nilipoangukia kitanda hiki. Jana niliwaambia mlifunue nilione kupitia dirishani kabla sijasema ni la nani. Nikaona nyuso zenu kabla ya kuliona gari, na tangu hapo nashindwa kuwatazama machoni.

Mimi ni fundi wa bodi. Watu walitoka mbali kuniletea magari yaliyoliwa na kutu, nami niliwakaripia kama watoto: gari linataka hewa, ukilifungia unyevu unaliua mwenyewe. Kisha la kwangu nikalifunika gubigubi kwa turubai la plastiki na kukaza kamba, kwa kuwa niliona ni zuri mno kunyeshewa. Mvua haikuingia, ni kweli, lakini unyevu wa ardhi ulipanda ukakosa pa kutokea, na sasa bati la chini ya milango linabonyea kwa kidole kama mkate uliolowa, na kupitia matundu ya sakafu unaona nyasi za uani. Fundi gani huyo? Naona haya, wanangu. Natamani uso wangu nao ungefunikwa.

Na wewe, binti yangu, kitinda mimba wangu, uliniambia. Ulitoka kupiga rangi, barakoa ingali shingoni, ukasema, "Baba, lifungue lipumue, nasikia harufu ya kutu." Nikakuuliza tangu lini pua yako imekuwa fundi. Kaka yako akacheka, nami nikafurahi kwamba amecheka. Ukarudi kazini, na kazi yako ilipotoka safi kuliko yangu, nilisema mteja ana bahati.

Lakini kinachonichoma zaidi ni mama yenu. Kila alipoomba nimpeleke kwa dada yake, nilimwambia viatu vyake vina tope, na tope hushika maji, na maji yataharibu sakafu. Akaenda kwa miguu, mke wangu huyu, na mwavuli uliovunjika, nami nikabaki uani nakaza kamba. Sakafu niliyomnyima ndiyo hiyo iliyooza. Jana alininywesha chai, akanipangusa mdomo, akatoka. Afadhali angenitukana.

Sasa shikeni neno langu. Gari ni la binti yangu. Wewe, kaka mtu, usivimbe mashavu; utamshikia taa na kuchomelea pale atakapokuonyesha. Mwanangu, gonga bodi yote kwa mpini wa bisibisi. Penye mlio mkavu pako salama. Penye mlio mzito kata, uendelee kukata hata roho ikiuma, mpaka ufike kwenye bati zima. Usifiche kitu kwa kusiliba puti juu yake, kutu itaendelea kula chini yake. Sugua mpaka bati ling'ae, na praima, ile rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, uipake siku hiyo hiyo, usiache bati likalala tupu. Zibua vile vitobo vya chini ya milango, maji yapate njia. Ndani, kusikofika brashi, nyunyiza oili nyepesi. Na turubai mpeni jirani akafunikie matofali yake.

Ngoja... nipeni maji kidogo. Basi, yatosha.

Mungu awape mikono imara, wanangu. Awape na ulimi mwepesi wa kuomba radhi, maana wangu umekuwa mzito mpaka leo. Mke wangu, nisamehe. Usinijibu sasa... kaa tu hapo.

Likianza kutembea, msilifiche tena. Mvua ikinyesha, linyeshewe... mlioshe, mlikaushe, liachwe wazi. Na safari ya kwanza ni kwa mama yenu mdogo. Mama yenu akae mbele... Viatu asifute.