Alizeti Haikungoja Mazishi ya Telesphori Kashindye

Baba Padri, wazee wa ukoo, wana nzengo majirani zetu, ndugu zetu Waislamu mliotoka Tinde kuja kutufuta machozi, nanyi nyote mliokaa juani kwa sababu turubai halikutosha, familia imemtuma Otmar, mdogo wa marehemu, awasomee maisha ya kaka yake, nayo inawaomba mtulie, maana habari za mtu ambaye hakuwahi kutulia zinahitaji wasikilizaji waliotulia, hasa nyinyi wa kule nyuma ambao tangu jana mnanong'ona kwamba mjane, Epifania, alionekana shambani maiti ya mumewe ikiwa bado ndani, na kwamba mwanamke wa namna hiyo asiruhusiwe kutupa udongo kaburini. Tumewasikia, masikio tunayo, na jambo lenu tutalifikia, lakini tutalifikia kwa zamu yake.

Marehemu Telesphori Kashindye alizaliwa Ushirombo tarehe 5 Januari 1931, mtoto wa tatu wa Mzee Kashindye, akabatizwa kwa jina la mtakatifu wa siku hiyo, na mama yake, Mungu amrehemu, alizoea kusema kwamba mtoto huyu alijua kutembea kabla ya kujua kukaa. Mwaka 1940 aliingia shule ya misheni, akawa mwepesi wa hesabu na mwepesi zaidi wa kutoroka, nusu ya masomo yake akiyapata chini ya dirisha la karakana ya mapadri akitazama pampu ya maji ikifunguliwa na kufungwa, akachapwa, akarudi pale pale dirishani, akachapwa tena, hadi mwaka 1945 alipomaliza darasa la nne, walimu nao wakiwa wamechoka mikono.

Mwaka 1950 alikwenda Geita, akaajiriwa mgodini kama msaidizi katika nyumba ya mitambo, na wakati vijana wenzake walikuwa wakilala na kuamka na dhahabu, yeye alilala na kuamka na injini za dizeli, akijua kwa kusikiliza tu ipi inaumwa na inaumwa wapi. Tarehe 14 Julai 1956 alifunga ndoa na Epifania Maganga katika parokia ya Ushirombo, na jamani, siku hiyo hiyo bwana harusi alipotea ngoma ikiwa imenoga, akatafutwa huku na huku, akakutwa nyuma ya jiko amepiga magoti, amefungua mashine ya kukamulia karanga, suti nzima imelowa mafuta. Bibi harusi akamuuliza mbele ya wasimamizi, "Sasa mwenzangu, nitakuwa nakutafuta hivi mpaka lini?" naye akajibu asihangaike kumtafuta, amfuate tu. Mungu aliwajalia watoto watatu, Paskalina mwaka 1957, Athanas mwaka 1960, na Theopista mwaka 1965, wote wapo hapa na wote wamezaliwa katika nyumba tofauti, kwa sababu baba yao nyumba ikishaezekwa vizuri alianza kuiona ndogo.

Mgodi uliposimama mwaka 1966 alihamia Shinyanga mjini, akapata kazi kwenye kinu cha kukamulia mafuta, na huko ndiko lilikomkuta jambo lililomnyima raha maisha yake yote. Aliona magunia mawili ya alizeti yenye uzito ule ule yakitoa mafuta tofauti kabisa, moja likijaza debe na jingine likitoa vikombe, na mashudu ya lile baya yakiwa maganda matupu ambayo hata ng'ombe mwenye njaa aliyanusa akaondoka zake. Basi akaanza kuitaka alizeti ambayo haikuwepo, yenye ganda jembamba na mafuta mengi ya kuendeshea injini huku vijijini ambako lori la dizeli linafika likipenda, yenye mashudu laini ya kulisha ng'ombe na kuku, tena fupi na ya haraka, imalize kazi yake kabla mvua za Shinyanga hazijakata. Mwaka 1968 akaacha kazi ya mshahara na kushika shamba, na ndugu zake, akiwemo huyu anayesoma, walimwambia wazi kwamba amechanganyikiwa.

Wala hakuanza vizuri. Sisi sote wakati wa kuvuna mahindi tunachagua gunzi lililo kubwa kuliko yote, tunalitundika juu ya moshi, hilo ndilo mbegu, naye akafanya vivyo hivyo kwa alizeti, msimu baada ya msimu akichagua vichwa vikubwa vyenye punje kubwa, hata akapata vichwa vipana kama sinia, majirani wakaja kushangaa, akapeleka kinuni kwa maringo, na mafuta yakatoka haba kuliko ya mwanzo. Ndipo bwana shamba, Bwana Akida, wakati huo kijana mbichi aliyetoka Tanga, na leo yupo nasi hapa, alipozibangua punje kadhaa kwa meno, akatema, akamwambia kwa adabu zote, "Shikamoo mzee, lakini umekuwa ukichagua maganda." Epifania anasema hiyo ndiyo mara ya kwanza kumwona mumewe amekaa kwenye kigoda na kubaki hapo, na asubuhi yake akawamwagia kuku mbegu yote na kuanza upya, safari hii akichagua punje ndogo nyeusi zilizojaa.

Bwana Akida alimfundisha pia kwamba nyuki ndio wanaoharibu, wanabeba unga wa njano wa maua kutoka shamba la jirani na kuuleta kwako, mbegu zikachanganyika, ukarudi ulikotoka, basi mwaka 1972 marehemu aliihamisha familia nzima porini, ng'ambo ya Songwa, asikolima alizeti mtu yeyote, na maji ya kunywa Epifania akayafuata mbali, huko kwa Mungu. Mwaka 1974 ikaja Operesheni Vijiji, wakapakiwa kwenye lori na kuku wao, wakashushwa hapa tulipo, nyumba kwa nyumba, shamba kwa shamba, na alizeti ya kila mtu inamchungulia mwenzake. Alihangaika, alizunguka usiku na mchana, kisha akakubali kufundishwa tena, kwamba ua alifunike kwa mfuko wa kitambaa kabla halijafunguka, na likishafunguka, kila asubuhi avue mfuko, alipake unga wa maua aliyoyachagua kwa kipande cha pamba, afunike tena, na asiruke asubuhi hata moja, kwa sababu ua lililofunikwa nyuki hawaliingii, na lisipopakwa kwa mkono linabaki na mapepe matupu. Epifania alishona mifuko hiyo kwa marekani nyeupe, na watu wa kijiji wakasema Telesphori ameyavisha maua sanda, wengine wakapita mbali.

Lakini mwaka 1981 dizeli ilipoadimika, mashine ya kusaga ya Mzee Fikirini pale Tinde ikalala, wanawake wakarudi kwenye kinu na mchi, na hapo hakuna aliyepita mbali. Marehemu alikuja na madebe ya mafuta ya alizeti yake, akayachuja kwa kitambaa, akayapasha moto, akaiwasha injini kwa kidizeli kilichobaki, kisha akaihamishia kwenye mafuta yake, ikakohoa, ikakubali, na Tinde nzima ikanukia maandazi, watoto wakaja mbio na sahani wakidhani kuna karamu. Nozeli za kupulizia mafuta ndani ya injini ziliziba, asiseme mtu kwamba hazikuziba, akazifungua na kuzisafisha, zikaziba tena, akazifungua tena, lakini unga ulisagwa, na mashudu yaliwafikia wenye ng'ombe wa maziwa ambao mpaka leo wanayaulizia.

Mwaka jana, 1984, jua lilitumaliza sote, mnajua, tulikula michembe, viazi vyetu vya kukausha, mpaka ikaisha, na shamba la marehemu likatoa konzi chache tu za mbegu ile safi. Februari mwaka huu, kutoka kitanda cha hospitali, aliagiza zipandwe zote, isibaki hata moja kibuyuni, kwa kuwa mbegu ikikaa sana inachoka. Kwa hiyo kazi yake ya miaka kumi na saba ipo kwenye shamba lile mnaloliona nyuma ya zizi, haipo mahali pengine popote duniani, na imechanua wiki hii.

Ugonjwa ulimwanza Novemba mwaka jana, miguu ikavimba, pumzi ikawa fupi, akapelekwa hospitali ya misheni, daktari akasema ni moyo, akaamuru alale asiinuke, amri ambayo kwa mtu yule ilikuwa ngumu kuliko maradhi yenyewe. Alirudishwa nyumbani mwezi Machi, akadai kitanda chake cha kamba kiwekwe mlangoni kielekee shambani, na kutoka hapo akawa anatuendesha sote kama makarani, mfuko ule umelegea, mche ule una wadudu, nani yule anapita na mbuzi. Jumanne wiki hii, mbele ya katekista na mbele ya Otmar, alimshika mkewe mkono akamwambia, "Mama Paskalina, nikifa maua yakiwa wazi, usinikalie matanga." Epifania alilia, akakataa, akasema watu watamla nyama. Akamrudia neno lile lile, hakumwachia mkono mpaka alipokubali. Alifariki Alhamisi, tarehe 18 Aprili 1985, saa kumi jioni, akiwa na umri wa miaka hamsini na minne.

Sasa tumefika kwenu. Kwetu msiba ukiingia jembe linalazwa, mjane anakaa mkekani, hatoki mpaka matanga yaanuliwe, na desturi hiyo hakuna wa familia hii anayeidharau, Epifania mwenyewe akiwa wa kwanza, maana jana alfajiri alitoka mlango wa nyuma na kipande chake cha pamba, akijua yatakayosemwa. Usiku wa jana Shangazi Bernadina, mkubwa wa ukoo aliyebaki, alisimama barazani akaapa kwamba mwanamke akirudia atamtoa shambani kwa fimbo, na mwenye macho amemwona leo asubuhi akienda na fimbo kweli. Alimkuta Epifania peke yake kati ya maua, mkono mmoja umeshika mfuko, wa pili umeshika kichwa cha alizeti kisivunjike, pamba ameing'ata kwa meno, na machozi yanamchuruzika hana mkono wa kuyafuta. Shangazi akaichomeka fimbo ardhini na kusema, "Lete huo mfuko, mwanangu, nishike mimi." Jua lilipopanda walirudi wawili, na mnaotaka kuhakikisha mtazameni Shangazi mikono yake pale mbele alipokaa, ina unga wa njano mpaka kwenye viwiko, na amekataa kunawa.

Familia inamshukuru daktari na masista wa hospitali ya misheni kwa uvumilivu wao mbele ya mgonjwa asiyelala, inamshukuru Bwana Akida, inamshukuru Mzee Fikirini aliyefunga mashine yake leo na kuleta gari, inawashukuru waliokuwa wafanyakazi wenzake wa Geita na Shinyanga mjini, na wana nzengo wote mliochimba kaburi, mliochota maji na mliopika, hata nyinyi mliopika huku mnasema.

Na kwa agizo la Shangazi Bernadina tunatangaza hivi, mjane atatupa udongo wa kwanza, kabla ya ndugu wote wa damu, na matanga ya Telesphori hayatakaliwa barazani, yatakaliwa shambani kila alfajiri mpaka kichwa cha mwisho kifunge mbegu, na atakayetaka kumpa pole Epifania atampa huko, akiwa ameshika mfuko. Pamba ipo ya kutosha. Baba Padri amekubali kwamba kesho, Jumapili, watakaochelewa kutoka shambani waje misa ya pili.

Bwana alitoa, na amemchukua tukiwa bado tunamhitaji, hilo linauma na hatutalificha. Lala sasa, Telesphori. Kesho tutaamka wenyewe.