Bertilla Kapele na Sauti ya Kwenye Tepu

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya ukoo nasimama kuwasomea maisha ya shemeji yetu, muuguzi Bertilla Kapele, na naomba mnisikilize hadi mwisho, maana nusu ya mliokaa hapa mmenong'ona juu yake miaka tisa.

Marehemu alizaliwa Mpui tarehe 4 Machi 1932, akasoma shule ya misheni, akahitimu uuguzi mwaka 1953, na tarehe 12 Juni 1954 akafunga ndoa na kaka yetu Evaristi, wakajaliwa watoto wawili, Adolfu, na huyu Agnesi mnayemwona.

Adolfu aliugua surua, akalazwa, na tarehe 9 Agosti 1958 muuguzi wa zamu alimtuma mama yake akachemshe uji, naye aliporudi na bakuli alikuta kitanda kimeshatandikwa. Ndiyo ilikuwa desturi ya wodi, mtoto akikata roho mama anatumwa uji ili asilie mbele ya wagonjwa, na akina mama wakaja kuijua, wakawa hawabanduki kitandani hata kwa kufuata dawa.

Mwaka 1973, akiwa mkufunzi wa wauguzi Sumbawanga, alianza kuwafundisha namna ya kumwambia mzazi kwamba mtoto amefariki, akitumia tepurekoda yenye sauti ya mama anayesimulia msiba wake huku akilia, na hakuna mwanafunzi aliyeruhusiwa kutoka kabla haijaisha.

Mwaka uliofuata tulihamishiwa kijiji cha ujamaa, nyumba zikasogeleana, na maneno nayo yakasogea. Ikasemwa anateka vilio vya wafiwa, anavipeleka bandarini Kipili vikavushwe ziwa kwa kazi ya uchawi, na hata ukweni chakula chake kililiwa kwa ncha ya ulimi. Akiulizwa sauti ile ni ya nani, alijibu kwamba mwenyewe ameridhia, kisha akaendelea kupeta ulezi wake.

Alianza kuumwa ini Januari mwaka huu 1983, akafariki hospitalini tarehe 17 Aprili, asubuhi. Agnesi alikuwa ameshainuka akamchemshie mama uji, muuguzi Sekela, aliyefundishwa na marehemu, akamshika mkono, akamketisha, akamwambia waziwazi kwamba mama amefariki, wakalia pamoja palepale wodini.

Jana Sekela alituletea ile tepurekoda, tukaiwasha mlango ukiwa wazi, kwa hofu. Sauti ni ya Bertilla mwenyewe, akisimulia uji wa Adolfu ulivyompolea mikononi.

Tunawashukuru madaktari, wauguzi, wakufunzi wenzake, na majirani, mlionong'ona mkiwemo, maana kuni na maji mmeleta ninyi.

Leo hatutamtuma mtu uji, mwenye kulia alie hapa hapa. Shemeji, pumzika kwa amani.