Mvua Tatu Zisizosalimiana

Benchi letu liko nje ya duka la Fundi cherehani, mkabala na geti la nyuma la chuo cha sanaa, mahali ambapo kivuli cha ukuta hukaa hadi adhuhuri na birika la kahawa halina haraka. Wenye benchi ni watatu. Kuna Fundi mwenyewe, anayesikiliza kuliko anavyoshona. Kuna Kamusi, mwenye methali kwa kila jambo, na kila methali imepotea njia. Na kuna mimi, Pasipoti. Nimezunguka nchi nyingi, nikarudi na kitambi na begi lile lile. Asubuhi hiyo jua lilikuwa kali, hata kunguru walikuwa wanatembea kwa miguu. Wakaja wanafunzi watatu na vyombo vyao, hawasemeshani. Benchi lilishawabatiza zamani: Taa, kijana mrefu wa mataa ya jukwaani, Picha, anayerusha video ukutani, na Sauti, binti wa dada yake Fundi, mwenye dhamana ya kila kinachosikika.

– Shikamoo mjomba. Shikamooni wazee, akasema Sauti.

– Marahaba. Mbona nyuso kama mmemeza ndimu? akauliza Fundi.

– Nimekuja kukuaga. Jioni tukishaonyesha kwa mwalimu, naacha chuo.

Fundi akaweka kikombe chini.

Kisa kilikuwa mvua. Wenzao wanaigiza mchezo wa mwanamke anayerudi nyumbani kwake baada ya miaka mingi, mvua ikinyesha. Hao watatu walipewa kuitengeneza hiyo mvua.

– Yangu ni nzuri, akasema Taa.

– Na yangu je? akasema Picha.

– Kila moja nzuri, mjomba, akasema Sauti. Zikikaa pamoja, balaa. Jana mwalimu katutazama akasema, “Naona mvua tatu, na hazisalimiani.” Toka hapo hata sisi hatusalimiani. Nimechoka.

Kamusi akajisogeza. Nilijua kinachokuja.

– Wahenga walisema, dalili ya mvua ni mawingu.

– Leo umeipatia! nikamwambia. Wekeni kumbukumbu.

– Sijamaliza. Mawingu ni nini kama si mwanga uliozibwa? Kwa hiyo mkubwa ni Taa. Mpanda ngazi hushuka.

– Ngazi imeingiaje?

– Taa zinafungwa wapi, chini ya kitanda?

– Acheni hizo, akasema Fundi. Mvua huanza masikioni. Marehemu mama alikuwa anaanua nguo hewa ikiwa bado kavu. Anasimama, anainamisha kichwa, anasema, “Inakuja.” Na kweli inakuja.

– Nyie hamjatembea, nikadakia. Nimefika mji mmoja mvua yake haisikiki wala haionekani. Unatembea barabarani, unafika, ndipo unagundua umelowa.

– Kikulacho ki nguoni mwako, akasema Kamusi.

– Na mji mwingine mvua inapanda. (Hapo kahawa ilikuwa imenipata.) Inatoka mtoni alfajiri, inapanda polepole kama mtu asiyetaka kuamsha nyumba. Ilinilowesha kuanzia soksi.

– Basi mvua si maji, akasema Kamusi kwa sauti ya mtu aliyefunuliwa. Ni ndoto. Mbingu ikiota, sisi tunalowa.

– Wahenga hao?

– Hapana. Mimi mwenyewe.

– Wazee, mnatuongezea mawingu tu, akasema Picha.

Fundi alikuwa anamtazama mpwa wake. Akainuka.

– Ingieni ndani. Kuna giza, na kuna mapazia meupe ya mteja yananing'inia. Kama unaacha, binti yangu, acha tuisikie kwanza hiyo unayoiacha.

Wakachomeka waya zao, mlango ukafungwa. Sauti ndiye aliyeanza. Tone moja likagonga bati, likafuata la pili, kisha bati zima likajaa juu ya vichwa vyetu mpaka nikainua mkono kujikinga. Kwenye mapazia, Picha akafungulia madimbwi ya uani, na kila tone likifungua duara lake likapotelea kwenye duara la mwenzake. Taa akamwaga mwanga wa kijivu ule unaobaki kizingitini jua likizibwa. Cherehani ikawa kama mnyama aliyejibanza asilowe. Lakini masikio yangu yalikuwa chini ya paa, macho yangu uani, na ngozi yangu sijui wapi. Kama ndoto ile unayoingia nyumbani, ukigeuka unajiona bado uko njiani.

– Hodi.

Sauti akashtuka.

– Nani kaiweka hiyo?

– Si mimi, akasema Picha.

– Mimi na sauti wapi na wapi? akasema Taa.

– Hodi jamani…

Kamusi akanishika mkono.

– Usiitikie. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

– Hodi! Fundi, upo au umehama?

Fundi akafungua. Jua likaingia kama kelele, na mlangoni alisimama mama mmoja na kikapu, mwenye mapazia.

– Nje jua la kupasua mawe, humu mnanyeshewa? Tena juu ya mapazia yangu?

– Samahani dada. Watoto wa chuo hawa. Ni mvua ya mchezo, kuna mwanamke anarudi kwake.

Yule mama akaingia, akaitazama. Akaweka kikapu chini.

– Nzuri. Sasa huyo mwanamke, yuko ndani au nje?

– Ndani, akasema Sauti.

– Nje, akasema Picha.

– Mlangoni, akasema Taa.

Wote kwa mpigo. Kisha wakatazamana, kama watu waliopanga chumba kimoja mwaka mzima na leo ndiyo wanaulizana majina. Nikamgeukia Kamusi anitolee methali. Naye alikuwa anamtazama yule mama.

– Yeye mwenyewe anasemaje? akauliza mama.

– Neno moja tu, akajibu Sauti. Hodi.

– Mtu apige hodi kwake? akashangaa Fundi.

– Ukikaa mbali sana, unapiga, akasema mama.

Mimi, mwenye mihuri ya nchi kadhaa, nikajidai nakohoa.

– Na anaitikiwa? akauliza mama.

Bati liliendelea kulia peke yake, hadi Sauti alipochuchumaa na kulipunguza, likawa mbali, kama paa la nyumba ya watu wengine.

– Picha, madimbwi yasianze mpaka apige hodi. Moja moja. Taa, zima.

– Ipi?

– Zote.

– Si ulikuwa unaacha? akauliza Picha.

– Nyamaza, sikiliza. Mama, tafadhali, unaweza kurudi nje upige tena?

– Na mapazia yangu?

– Yatakauka, akasema Fundi.

Mlango ukafungwa. Giza. Ukabaki mstari mwembamba wa jua chini ya mlango, na katikati yake vivuli vya miguu miwili.

– Hodi.

Tone likaanguka dimbwini. Sikujua kama nimeliona au nimelisikia. Fundi, mwenye duka, akafungua mdomo, akaufunga. Hakuna kati yetu aliyethubutu kumkaribisha.

– Hodi, akarudia mama, na mvua, sasa moja, ikapungua ili imsikie.