Mama Kisiwa na Gati la Mawe

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja katika Idara ya Mambo ya Kale, mchimbaji wetu mkuu anastaafu. Jina lake kamili analijua mhasibu. Sisi wengine tunamwita Mama Kisiwa.

Kisiwa chenyewe si cha kujivunia: kichaka, ndege na mawe katikati ya ziwa. Wakubwa walisema kimejiotea tu. Yeye alishikilia kwamba kilijengwa na watu wa kale, na akaapa hatoki kazini kabla ya kuthibitisha. Mumewe, mtu wa utani, alikiita "mume mwenzangu", na kila msimu wa uchimbaji alitutuma tumfikishie salamu.

Mwaka juzi, idara ikiwa karibu kuufunga mradi, walikuja wataalamu wageni na mitambo ya kupimia chini ya maji. Walirudi wakichekelea. Upande wa mashariki, walisema, kuna gati la mawe lililopangwa kwa ustadi wa ajabu. Mkurugenzi akaagiza keki.

Mama Kisiwa alizitazama picha, akavua miwani, akatuharibia sherehe. Gati lile tulilijenga sisi. Misimu yote mawe tuliyochimbua tulikuwa tukiyamwaga pale, tukayapanga vizuri boti ipate pa kuegeshwa na yeye asilowanishe viatu. Angeweza kuuchuna tu, akastaafu shujaa. Jamani, tulimnunia! Keki ililiwa kimyakimya.

Wageni wakataka mawe yetu yote yaondolewe ndipo wapime upya. Tuliyabeba msimu mzima, migongo ikiuma, lawama zote kwake. Lakini chini ya uchafu wetu wenyewe, mahali ambapo hakuna aliyewahi kufikiria kuchimba, tulikuta safu ya nguzo za mti, zimechongwa ncha na kukitwa kwenye tope kama msingi wa kisiwa.

Majibu ya maabara yalifika wiki iliyopita: nguzo zina zaidi ya miaka elfu moja. Mama Kisiwa aliyasoma mara mbili, akaketi juu ya sanduku la sururu, akalia. Nasi tukalia, hata tulionuna.

Mama, asante kwa ukaidi wako na kwa kutuvumilia. Tunakutakia afya njema na usingizi wa kutosha. Ungenyamaza siku ile, leo tungekuaga kwa uongo mtamu, na nguzo zingebaki chini ya mawe yetu.